Mwalimu wa hesabu aliyeishika Paramount: nimekisoma kitabu cha Sherry Lansing

Nilikipata kwa muuza vitabu vya mtumba pembeni mwa Digo Road, Mombasa, kimefungwa kamba pamoja na vitabu viwili vya upishi. Alitaka shilingi 1,200. Nikamwambia, "Kaka yangu, jalada limechanika, na nyuma mtu amepiga hesabu za unga na sukari." Akakigeuza, akacheka, akasema, "Haya Mwalimu, lete mia tisa." Nimeacha chaki tangu 2014 lakini mjini bado naitwa Mwalimu. Na ni neno hilo lililonifanya nitoe pesa, kwa sababu nilipokifungua nikakuta kwamba mwanamke aliyekuja kuendesha studio ya Paramount alianza kazi kwa kufundisha hesabu shule ya sekondari.

Kitabu ni Leading Lady cha Stephen Galloway, kilichotoka 2017. Ni maisha ya Sherry Lansing, mtayarishaji wa filamu na mkuu wa studio mbili kubwa za Marekani. Nimekisoma mara moja na nusu. Ile nusu ni sehemu nilizozirudia na penseli mkononi. Nakipendekeza kwa yeyote hapa Pwani anayetaka kutengeneza filamu, na hasa kwa wasichana wanaonijia na skripti zao wakiniuliza waanzie wapi.

Hapa kwetu ukisema wewe ni produsa, watu wanafikiri una kompyuta na spika chumbani unarekodi nyimbo. Mamangu mzazi akiulizwa kazi yangu husema, "Anashuti harusi." Ni kweli nashuti harusi, maana mkono mtupu haurambwi, na harusi za Aprili na Desemba ndizo zinazolipa kamera na taa. Lakini kazi ninayoiita kazi ni ile nyingine: kuitafuta hadithi, kuishikilia, kuitafutia mwandishi, dairekta, waigizaji, pesa na vibali, kisha kukaa nayo mpaka iwafikie watu. Sijawahi kuona kazi hiyo ikielezwa hatua kwa hatua namna hii.

Sherry alizaliwa Chicago mwaka 1944. Mamake aliwakimbia Wanazi Ujerumani akiwa msichana wa miaka 17. Babake alifariki Sherry akiwa na miaka 9, na wanaume waliotaka kumpokonya mjane biashara ya mumewe walikataliwa. Mama akataka wamfundishe kazi. Pale nilisimama kusoma. Nimewajua wajane kama huyo hapa Mombasa, wanaoshika duka la marehemu huku mashemeji wamejipanga mlangoni.

Akafundisha hesabu Los Angeles, akajaribu kuigiza. Mwaka 1970 alionekana katika filamu mbili, moja ikiwa Rio Lobo ya John Wayne. Aliona mwenyewe kwamba kuigiza si kwake, akaacha. Ndipo akachukua kazi ya kusoma skripti kwa dola 5 kwa saa, na kwangu mimi hapo ndipo kitabu kinapoanza hasa. Msomaji wa skripti hapati usingizi. Anasoma kazi za watu asiowajua, anaandika hadithi inahusu nini, imekwama wapi, inafaa kutengenezwa au la. Hakuna anayemwona wala kumpigia makofi. Lakini kila kitu anachokuja kukifanya baadaye, mpaka kukaa kiti cha juu kabisa, ni kusoma huko huko kukiwa kumepewa mamlaka.

Mimi nilisahihisha madaftari 45 kwa usiku mmoja kwa taa ya mafuta Kisauni, na najua kuna kitu kinajengeka ndani ya mtu anayesahihisha. Unaanza kuona kosa liko mstari wa ngapi, kabla ya jibu. Tangu nimalize sura hizo nimejiwekea desturi. Kila hadithi inayonifikia, hata ikija kwa sauti za WhatsApp za dakika kumi, naiandikia ukurasa mmoja kwa mkono: ni hadithi ya nani, anataka nini, nani anamzuia, itagharimu nini. Hadithi tatu zimeanguka kwenye swali la pili. Moja imesimama, na nimempigia simu mwenye hadithi.

Kutoka hapo akapanda haraka. Alifika studio ya Columbia, ambako mwaka 1979 alihusika na filamu za Kramer vs. Kramer na The China Syndrome. Hii ya pili, inayohusu ajali ya kinu cha nyuklia, ilitoka siku 12 tu kabla ya ajali ya kweli ya kinu cha Three Mile Island, huko huko Marekani. Mwaka 1980, akiwa na miaka 35, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza utayarishaji katika studio kubwa ya Hollywood, 20th Century Fox. Gazeti moja kubwa la New York lilipotangaza habari hiyo, kwenye kichwa tu likakumbusha kwamba aliwahi kuwa mwanamitindo. Miaka yote ya kusoma skripti haikutosha kuwa kichwa cha habari. Nilikasirika kama vile nimetajwa mimi.

Sura ninazotaka muzisome taratibu ni za Fatal Attraction. Alikuwa ametoka Fox, ameungana na Stanley Jaffe, yule yule aliyetayarisha Kramer vs. Kramer, wakafungua kampuni yao. Hadithi ilitokana na filamu fupi ya Uingereza: mume wa mtu anatoka na mwanamke mwingine, na mwanamke huyo hakubali kuachwa. Wakaizungusha kwa watu miaka kadhaa, wakakataliwa na dairekta mmoja baada ya mwingine. Wengi walisema mwanamume anayetoka nje ya ndoa hawezi kupendwa na watazamaji. Sherry hakuiacha. Ilitoka 1987 ikapata mafanikio makubwa.

Lakini jambo lenyewe liko mwishoni mwa filamu. Walipoionyesha kwa watazamaji wa majaribio, watu hawakuukubali mwisho wa kwanza, ambapo yule mwanamke anajiua na mwanamume anaangukiwa na shutuma. Wakapiga mwisho mwingine, mke wa yule mwanamume akampiga risasi yule mwanamke bafuni. Glenn Close, aliyemwigiza yule mwanamke, alipinga kwa nguvu kabla ya kukubali. Mimi niko upande wa Glenn Close. Mwisho mpya ulijaza kumbi, ila ulimgeuza mtu mwenye maumivu akawa jinamizi la bafuni, na Sherry, mwanamke aliyekataa "hapana" za watu miaka yote hiyo, hapo alikubali. Nilitamani kitabu kimbane zaidi juu ya siku ile.

Nalisema hilo kwa sababu lilinikuta. Mwaka 2019 nilipeleka hadithi yangu ya mke wa baharia wa Kibokoni kwa kituo kimoja cha televisheni. Wakasema wameipenda, ila Kiswahili kibadilishwe kiwe cha mjini Nairobi, na mama mkwe awe mchawi. Nikakataa, nikarudi na basi la usiku nikiwa na faili langu. Nikaishuti mwenyewe kwa pesa za harusi, vipande vipande. Nilipokuwa nasoma kitabu hiki ilikuwa mezani kwa edita, na mwisho wake ulikuwa mke amesimama kwenye ukingo wa bahari wa Mama Ngina, anatazama meli zikiingia mlangoni mwa bandari, machozi yanamtoka. Nilidhani ni mwisho mzuri sana.

Baada ya sura zile nikawaita wanawake wa chama chetu, Majengo, nikawawekea filamu kwenye televisheni ya mwenye nyumba, na birika la chai na mahamri. Ilipokwisha wakanyamaza. Kisha mama mmoja, muuza viazi karai, akasema, "Mwanangu, miaka minne mume haleti salamu wala shilingi, na huyu yuko baharini analia? Huyu alishaenda kwa Kadhi zamani." Wote wakamwunga mkono. Mmoja akaeleza safari yake mwenyewe ya kwa Kadhi, karatasi alizobeba, na jinsi alivyokaa kwenye benchi na mtoto mapajani. Nilirudi nyumbani nikaandika upya. Yule mkuu wa kituo alitaka hadithi yangu ifanane na nyingine alizonazo. Wanawake wa Majengo walikuwa wanamtetea mhusika wangu dhidi yangu. Kitabu hakikuniambia hivyo kwa maneno, ila nisingewaita bila kukisoma.

Mwaka 1992 Sherry alikwenda kuongoza Paramount, akakaa zaidi ya miaka 12. Chini yake studio ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora mara tatu: Forrest Gump, Braveheart, Titanic. Mpango wa Titanic ndio wa kufundishia darasani. Filamu ilikuwa ya Fox, gharama zinapanda, wakatafuta mshirika. Paramount wakaingia kwa sharti la dola milioni 65, na hata gharama zikipanda vipi, hawaongezi. Gharama zikafika kama milioni 200. Nilichukua kalamu: asilimia 32.5, chini ya thuluthi. Kwa pesa hizo walipata haki za kuisambaza Marekani na Kanada, ambako filamu iliingiza zaidi ya milioni 600. Haki za nje zilibaki Fox, aliyebeba mzigo uliobaki naye pia hakujuta. Kila nikisoma mkataba sasa natafuta ile milioni 65 yangu iko wapi: ni kipi ambacho hakitapanda hata mvua ikinyesha siku ya kushuti.

Titanic niliiona kwenye kibanda cha video Kisauni, mlangoni leso, kanda mbili, na tukisubiri ya pili irudishwe nyuma watoto walikuwa wanabishana kama meli itazama. Kanda ile haikumpa senti hata mmoja aliyeitengeneza. Leo kazi za vijana wangu zinarushwa kwenye simu siku ya pili baada ya kutoka, na inaniuma.

Upungufu upo. Katikati ya kitabu kuna kurasa nyingi za wanaume wa kampuni wanaonunuana na kufukuzana. Kampuni ya Viacom ilipoichukua Paramount mwaka 1994 nilipotea kabisa, majina yamenizidi. Mwandishi anampenda Sherry, na si vibaya, lakini nilitaka kusikia zaidi kutoka kwa waliokataliwa naye, maana mkuu wa studio siku nyingi anasema hapana kuliko ndiyo. Miaka yake ya mwisho filamu kadhaa zilianguka sokoni, na nilitaka nikae naye kwenye chumba cha kushindwa kwa muda mrefu kama nilivyokaa kwenye cha ushindi. Na Afrika haimo. Hili sikitwiki kitabu peke yake. Filamu kubwa ya Hollywood ya 2010, Inception, ina Mombasa ndani yake, na Mombasa ile ilipigwa Tangier, Morocco. Anayeamua hayo ni mtu mwenye kazi kama ya Sherry, na mezani mwake hakuna wa kwetu.

Kiingereza chake si kigumu kwa aliyemaliza kidato cha nne, ila majina ya watu yaandike pembeni. Maandishi ya nakala yangu ni madogo, soma mchana.

Aliondoka Paramount mwaka 2005, akiwa na miaka 60, kwa hiari yake, akaanzisha wakfu wa kusaidia utafiti wa saratani, ugonjwa uliomchukua mamake. Sura hiyo niliisoma kivukoni Likoni, nimesimama, watu wananisukuma, na sikutaka feri ifike.

Nakala yangu sasa iko kwa msichana anayenishikia maiki, Mtongwe. Alitaka kuanza na Titanic, nikamwambia aanze na dola 5 kwa saa. Tunapiga ule mwisho mpya Jumanne, benchi tumeshaazima, na mama wa viazi karai amekubali kukaa juu yake.