Mkataba Wenye Saini ya Staa: Tuukague Kabla Hujatoa Hela

Mwakeye wana Kigoma, na wewe unayetutazama ukiwa mbali. Leo mezani pana karatasi mbili zilizobanwa kwa pini ya stepla. Ni mkataba wa 1957: staa wa Hollywood anakubali jarida litoe simulizi ya maisha yake. Yeye anasimulia, mwandishi kivuli anaandika, msomaji anakutana na "mimi nilizaliwa…" na kudhani staa kakesha na taipureta. Jina nimelifunika, mwenye mali kaomba.

Najua macho yako yako kwenye saini. Iache kwanza, chukua rula. Karatasi ya barua ya Wamarekani ni milimita 216 kwa 279, na ile ndefu ya kisheria ni 216 kwa 356. A4 ya stesheneri zetu ni 210 kwa 297. Mkataba wa Hollywood ulio kwenye A4 una maswali ya kujibu. Huu? 216 kwa 279. Haya.

Sogeza kamera kwenye anwani: "Hollywood 28, California". Hiyo 28 ni kanda ya posta, mfumo wa 1943. Tarakimu tano za ZIP, yaani msimbo wa posta wa Marekani, zilianza Julai 1963. Ukiona tarakimu tano kwenye karatasi inayodai ni ya 1957, funga mazungumzo. Njia ya mwongo ni fupi, na mara nyingi inaishia hapo kwenye anwani.

Nazima taa. Hii ya zambarau ni ileile ya kukagulia noti. Karatasi iliyotiwa dawa ya kung'arisha itawaka bluu. Kwa mkataba wa miaka ya 1930, kuwaka huko ni hukumu. Kwa wa 1957 ni shaka tu, maana dawa hizo zilishaanza kutumika. Na peni za gololi zilianza kuuzwa madukani Marekani 1945, kwa hiyo hapa peni haitushtui.

Sasa saini, kwa lenzi ya mara 10. Ikiwa vidotidoti, imechapwa. Wino ukiwa umejikusanya kingoni mwa mistari, ni muhuri. Pitisha kidole nyuma ya karatasi: peni ya gololi huacha mfereji. Nakala ya kaboni, ile inayotokea chini ya karatasi ya kaboni wakati wa kuchapa, haina ubaya kama imesainiwa kwa wino. Lakini saini yenyewe ikiwa ya kaboni, umenunua kivuli cha kivuli.

Halafu soma maneno yaliyo jirani na saini. Wengi huumia hapa. Kama pameandikwa "kwa niaba ya", aliyesaini ni wakala, na bei lazima ishuke hata kama karatasi ni halali kabisa.

Kwangu, utamu wa huu uko kwenye vifungu: staa ana haki ya kupitia muswada kabla haujachapwa, na jina la mwandishi halitatokea popote. Saini ya staa utaipata kwenye picha nyingi tu. Siri ya jikoni namna hii ni adimu, nami ningeilipia zaidi. Ila ukinunua karatasi hujanunua hakimiliki. Simulizi si yako kuichapisha.

Utunzaji, hasa sisi tunaopumua unyevu wa Ziwa Tanganyika. Usilaminishe! Joto na gundi huingia kwenye nyuzi na havitoki. Tumia mfuko wa poliesta. Ule laini wa PVC hutoa kemikali na kunyonya wino. Weka ndani ya boksi lisilo na asidi, na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu humo, mbali na ukuta na sakafu, maana mchwa hawasomi mikataba, wanaila.

Na hii pini imeanza kutu. Usiivute kwa kucha: geuza karatasi, penyeza kipande cha plastiki nyembamba chini ya miguu yake, inyooshe mmoja mmoja, kisha isukume itokee upande wa mbele. Matundu mawili yabaki yalivyo.