Grauti ya mfuko wa kilo 5 bafuni: usilaumu unga kabla hujatazama maji

Niliyotumia ni grauti, yaani unga wa kujazia mistari kati ya tiles, ya saruji isiyo na mchanga, kilo 5, kijivu, ya nafasi zisizozidi milimita 3. Bafu liko Jambiani, pwani ya Unguja, mita 1.5 kwa 2, tiles za sentimita 30 kwa 30 zenye unene wa milimita 8, ukutani zimepanda mpaka mita 2. Kwa vipimo hivyo mita moja ya mraba inakula robo kilo, kwa hiyo bafu zima limekwenda kama kilo 4. Mfuko mmoja unatosha.

Unga wenyewe ni mzuri. Lakini ukuta wa kwanza ulichanganywa kwa kukisia, mpaka ukawa laini kama uji, na siku ya tatu ukipitisha ukucha juu ya mstari unatoka na vumbi la kijivu. Ukisogeza taa karibu unaona vitundu mfano wa ncha ya sindano. Maji yaliyozidi yakikauka huacha nafasi wazi, na grauti ya namna hiyo hunywa maji kila mtu anapokoga.

Kipimo cha mfuko niliokuwa nao ni mililita 280 kwa kilo moja. Pima kwa chupa yenye alama, tia maji kwanza kisha unga, koroga, acha dakika 5, koroga tena. Ikianza kukaza usiongeze maji, imwage. Wakati wa kaskazi joto linaikausha upesi mno, basi changanya kilo moja moja, na pitisha sponji yenye unyevu kwenye mistari kabla ya kujaza, bila kuacha maji yaliyotuama. Jaza kwa ubao wa mpira ukiupeleka mshazari. Ukiufuata mstari, ukingo wa ubao utaichota grauti uliyokwisha ijaza. Baada ya dakika 15 hadi 30 futa kwa sponji iliyokamuliwa hasa. Sponji inayochuruzika ndiyo inayoleta madoa, huku kijivu, kule karibu nyeupe.

Jambo la pili ni chumvi. Kisima cha hapa kina maji ya chumvichumvi, na ndoo ya kwanza ilitoka huko. Mistari ya chini ya bomba ikaota unga mweupe. Chumvi nyingine hutoka kwenye mchanga wa pwani uliotumika kwenye plasta, na hata chokaa ya saruji yenyewe hutoka njia hiyo hiyo, maji yakipita. Kwa kuchanganya tumia maji matamu, ya mvua yanafaa sana. Weupe ukishatokea, anza na brashi kavu. Usipotoka, subiri grauti ikomae wiki mbili au zaidi, lowesha mistari kwa maji safi, paka siki iliyochanganywa na maji mara mbili yake, sugua baada ya dakika 3, suuza sana. Nawasihi msimwage ile asidi kali ya kusafishia vyoo. Inakula grauti pamoja na chumvi.

Mistari inayotoa vumbi haitengenezeki kwa kupaka nyingine juu, tabaka jembamba litabanduka. Ikwangue mpaka theluthi mbili ya unene wa tile, hapa ni milimita 5 na kitu. Kipande cha msumeno wa chuma kilichofungwa kitambaa kinafanya kazi pole pole lakini salama, ilhali grenda ikiteleza mara moja tu inamega ukingo. Kabla ya kujaza upya gonga kila tile kwa sarafu. Inayolia kama kitu chenye uwazi ndani imeshikwa kwa mafungu ya saruji pembeni tu, inacheza ikikanyagwa, na grauti yake itapasuka kila mara mpaka ing'olewe na kubandikwa upya.

Pembe ya ukuta na sakafu ilipasuka nayo, na hapo hata grauti bora ingepasuka, kwani pande hizo mbili hazichezi pamoja. Hapo hutiwa silikoni ya bafuni isiyoshika ukungu, rangi moja na grauti, juu ya pembe iliyosafishwa na kukauka kabisa. Iache saa 24 bila maji. Grauti mpya niliipa siku 3 kabla mtu kukoga, na ukucha sasa unapita bila kuchukua kitu.