Kingamwili ya JNK iliyowashwa: kazi yake ni safi, maelezo yake yamepitiliza

Bidhaa ninayoitathmini ni kingamwili ya sungura inayoitambua protini ya JNK pale tu inapokuwa imebandikwa fosfati kwenye threonini ya 183 na tairosini ya 185, asidi amino mbili za mnyororo wake; hapo ndipo JNK huwa imewashwa. JNK ni kinasi ya msongo, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini nyingine seli inapotaabika: seli ikipigwa na mionzi ya urujuanimno, ikinyonywa maji na myeyusho mzito, au ikifikiwa na saitokini (protini za kupashana habari kati ya seli) kama TNF, vimeng'enya MKK4 na MKK7 huibandika fosfati hizo mbili, nayo JNK huenda kuiamsha c-Jun, protini inayowasha jeni.

Kwa kazi hiyo ya msingi sina malalamiko. Nilitumia kipimo cha Western blot, ambamo protini za seli hutenganishwa kwa ukubwa kisha huhamishiwa kwenye utando. Kwenye seli za HeLa (seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa maabara) zilizotiwa anisomaisini, dawa inayoamsha msongo, kwa nusu saa, mistari miwili ilijitokeza wazi juu ya utando, mmoja kwenye kilodaltoni (kipimo cha ukubwa wa protini) 46 na mwingine kwenye 54, na safu ya seli ambazo hazikuguswa ilibaki karibu tupu. Mtengenezaji anashauri utando uzibwe kwa albumini ya ng'ombe badala ya maziwa ya unga, na ni ushauri wa kufuatwa, kwa kuwa kaseini ya maziwa yenyewe ina fosfati tele. Anayesahau kutia vanadati na floridi ya sodiamu, ambazo huzuia vimeng'enya vinavyong'oa fosfati, wakati wa kupasua seli asiilaumu kingamwili, kwani fosfati zitakuwa zimeshang'olewa.

Kasoro iko kwenye kijikaratasi, kinachoiita bidhaa hii kipimo cha kifo cha seli. JNK ikiwaka kwa muda mfupi kisha ikazimika, seli mara nyingi hupona. Ni pale inapoendelea kuwaka kwa saa kadhaa, hasa NF-κB (protini inayoisaidia seli kuepuka kifo) ikiwa imezuiwa, ndipo seli huelekea kujiua. Kwa hiyo sampuli ya wakati mmoja haithibitishi chochote kuhusu uhai wa seli. Sharti zichukuliwe sampuli za nyakati mbalimbali, na kaspesi ya 3, kimeng'enya kinachotekeleza kifo cha seli, ipimwe kivyake.

Jambo jingine ambalo kijikaratasi kinalipita kimyakimya, nami naliona zito zaidi, ni kwamba kingamwili hii haitofautishi JNK1, JNK2 na JNK3, aina tatu za JNK zinazotokana na jeni tatu tofauti. Katika panya wanene, utafiti wa mwaka 2002 uliihusisha JNK1 na ukinzani dhidi ya insulini, ilhali JNK3, ambayo hupatikana zaidi kwenye ubongo, ndiyo iliyoonekana mwaka 1997 kuchangia kufa kwa seli za neva za panya waliopewa kaineti, kemikali inayosisimua neva kupita kiasi. Mistari ya 46 na 54 hutokana na jinsi vipande vya nakala za RNA za jeni hizo vinavyounganishwa, wala mstari mmoja hauwakilishi jeni moja, na nimeshaona wanafunzi wakiisoma kinyume.

Bei ni ghali, lakini chupa hudumu: imo kwenye gliseroli, haigandi kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na haihitaji kugawanywa. Ninaipendekeza kwa sharti kwamba inunuliwe pamoja na kingamwili inayoitambua JNK yote, iliyowashwa na isiyowashwa.