Sampla ya Zamani kwa Sauti za Video: Ipi Ununue Ukiwa Lubumbashi

Wanaotafuta sampla ya zamani, mashine ya kurekodi vipande vya sauti na kuvipiga kwa pedi, huanza na jina la aina: MPC gani, SP gani. Anza na mlango, yaani sauti inaingiaje kwenye mashine. Video uliyopiga kwa simu kule Katuba, karindula, ile ala ya nyuzi, inanguruma kwenye pipa lake lililovikwa ngozi ya mbuzi, tayari ni faili. Mashine isiyopokea faili itakurudisha kwenye waya, na kila waya una kelele zake. Swali la pili ni umeme: ukikatika ghafla, kazi yako inabaki au inakwenda nao?

Kwa maswali hayo mawili, ya kwanza kwetu ni Roland SP-404SX. Wazee wa MPC watacheka, wacha wacheke. Inatumia kadi ya SD hadi GB 32, inapokea WAV, faili la sauti lisilobanwa, ya biti 16 kwa 44,100 Hz, na kila kipande kinakaa kwenye kadi chenyewe, kwa hiyo umeme ukikatika hupotezi kitu. Inaweza pia kutembea na betri sita ndogo za AA. Pedi 12 mara benki 10, jumla vipande 120. Ubaya wake ni kioo: kinaonyesha tarakimu tatu tu, wimbi la sauti hulioni, hivyo kata vipande kwenye kompyuta kabla hujavihamisha. Fomati kadi ndani ya mashine yenyewe, si kwenye simu. Adapta ni ya volti 9 na katikati yake ni hasi. Ile ya modemu ya nyumbani mara nyingi iko kinyume, usiijaribu. Na uangalie jina vizuri: kuna SP-404 ya 2005, isiyo na SX, inayotumia kadi ya CompactFlash ya GB 1 mwisho. Si mbaya, ila isiuzwe kwa bei ya dada yake.

Ya pili ni Akai MPC1000. Ina CompactFlash na USB, pedi 16, na wimbi la sauti unaliona na kulikata papo hapo. Kumbukumbu ya kiwandani ni MB 16, kama dakika tatu za mono, yaani sauti ya njia moja; ikiwa imeongezwa hadi 128, lipa zaidi bila kusita. Lakini kumbukumbu hiyo hufutika umeme ukikatika. Hifadhi kwenye kadi baada ya kila kipande, si mwisho wa kazi.

MPC2000XL iko ya tatu, nayo ndiyo inayopendwa kuliko zote mitaani. Inasoma WAV, lakini kwa kawaida inakuja na mlango wa disketi na MB 2 tu za kumbukumbu, yaani sekunde 20 na kitu za mono, ingawa inaweza kufikishwa MB 32. Disketi nzima za kutafuta leo ni shida, na vichwa vya kisomaji hujaa vumbi. Wengi hung'oa kisomaji na kuweka Gotek, kifaa kinachojifanya disketi huku kikisoma flashi. Kinaingia kwenye utepe uleule wa pini 34. Ikiwa muuzaji ameshakiweka, mwambie apakie faili mbele yako. Zungusha pia kitufe kikubwa cha kubadilisha thamani taratibu: kikiruka namba au kurudi nyuma, kimechakaa.

Akai S950 na E-mu SP-1200 ni za wenye moyo na mfuko. Zote ni za biti 12, na sauti yao nzito na chafu ndiyo watu wanayoilipia. SP-1200 ni dola elfu kadhaa. Hazisomi WAV yako. Kila kitu kinaingia kwa waya, na SP-1200 ina sekunde 10 kwa jumla, 2.5 kwa kipande. Ujanja wa zamani bado unafanya kazi: ongeza kasi ya sauti mara 1.35 kwenye kompyuta, irekodi, kisha ishushe nusu-toni tano na kidogo ndani ya mashine. Umepata nafasi, na ule ukwaruzo unazidi kunoga.

Kutoa sauti kwenye video hakuhitaji programu ya kulipia. Kwa ffmpeg, programu ya bure ya kompyuta, sekunde nne kuanzia dakika ya kwanza na sekunde 12:

ffmpeg -ss 72 -t 4 -i video.mp4 -vn -ac 1 -ar 44100 -c:a pcm_s16le -map_metadata -1 -fflags +bitexact KARIND01.wav

Hapo -ar 44100, inayopanga Hz za faili, ndiyo yenye kesi nyingi. Simu hurekodi sauti ya video mara nyingi kwa 48,000 Hz. Ikisomwa kama 44,100 bila kubadilishwa, karindula inashuka karibu nusu-toni moja na nusu na sekunde tano zinakuwa 5.4, utadhani mpigaji alikuwa amechoka. -map_metadata -1 na -fflags +bitexact zinaondoa maelezo ambayo ffmpeg hubandika ndani ya WAV, maana baadhi ya mashine za zamani hukwama hapo. Jina liwe na herufi nane au pungufu, bila nafasi na bila é wala ç. Sekunde moja ya mono ni baiti 88,200, kwa hiyo vipande vinne kama hiki vinaenea kwenye disketi ya MB 1.44, cha tano kinabaki nje.

Ukiunganisha stereo kuwa mono na besi ikapungua ghafla, maikrofoni mbili za simu zinapingana. Chukua upande mmoja tu.

Kwa waya: jeki ya 3.5 mm kwenda mbili za 6.35 mm, simu kwenye hali ya ndege ili ule mlio wa tit-tit-tit usiingie, na chaja ichomolewe, kwani mngurumo mwingi unatokana nayo. Kwa biti 12 rekodi kwa nguvu bila kugonga juu. Kila biti usiyoitumia inakunyima desibeli sita.

Kabla ya kutoa pesa, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma. Zilizotoka Japani huwa za volti 100, za Marekani 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 220 ya hapa, kama una bahati inaungua fyuzi; kama huna, pawa nzima, kile kifaa cha umeme cha ndani. Ongeza kwenye bei transfoma ya kushusha ya wati 100 na régulateur, kifaa cha kutuliza umeme. Umeme ukirudi, mashine isiwe imechomekwa.