Programu ya Kusimamia Miradi Mingi kwa Timu Iliyotawanyika: Ipi Ununue?

Mfanyakazi yuko Riyadh. Amepewa kazi ya siku 10, anaanza Jumatatu tarehe 1 Juni 2026. Programu inapiga hesabu na kuandika kwamba atamaliza Ijumaa tarehe 12. Lakini Riyadh watu hupumzika Ijumaa na Jumamosi, Jumapili wanaingia kazini. Hesabu kwa vidole: Jumatatu hadi Alhamisi siku 4, Jumapili hadi Alhamisi siku 5, ya kumi inaangukia Jumapili tarehe 14. Ijumaa jioni dashibodi inamchora mwekundu, bosi anauliza mbona amechelewa, na mwenyewe yuko nyumbani kihalali kabisa.

Ukiona programu imefanya hivyo kwenye onyesho la mauzo, usisikilize habari za grafu zake nzuri. Grafu wanazo wote. Mimi napanga programu hizi kwa kuangalia kwanza kama kila mtu anaweza kuwa na kalenda yake, halafu zinavyoshughulikia fedha za nchi mbalimbali, halafu data inakaa wapi. Hakuna hata moja inayofaulu yote. Kwa hiyo unachonunua ni programu pamoja na njia ya kukwepa udhaifu wake, na nafasi nilizotoa hapa zinategemea njia hiyo ni rahisi kiasi gani.

Ya kwanza: Smartsheet

Wengi hawataitaja kwanza, najua. Inafanana na lahajedwali, na hiyo ndiyo nguvu yake: mhasibu, mhandisi na mtu wa manunuzi wanaielewa siku hiyo hiyo bila mafunzo ya wiki nzima. Siku za kazi, sikukuu na urefu wa siku ya kazi hupangwa kwa kila jedwali. Hapo ndipo penye udhaifu, maana jedwali moja lenye watu wa nchi tatu lina kalenda moja. Hapo hapo ndipo penye dawa: kila timu ya nchi ipewe jedwali lake lenye wikendi yake, kisha ripoti moja iyakusanye yote juu.

Kuyagawa kunakuokoa pia na ukomo mwingine. Jedwali moja halizidi safu mlalo 20,000 wala seli 500,000. Idadi hiyo inasikika kubwa mpaka uwe na safu wima 60, maana hapo seli zinakwisha kwenye safu mlalo ya 8,333. Nimeona timu ikigundua hilo katikati ya mwaka wa fedha, na kuhamisha data huku kazi zinaendelea si jambo la kumtakia mtu.

Ya pili: Jira, pamoja na sehemu yake ya Plans

Kwa timu za kutengeneza programu hii ingekuwa ya kwanza, hasa kama tayari mnaitumia. Angalia kitu kimoja kabla ya kulipa: Plans, ile sehemu inayokuonyesha miradi mingi kwa pamoja, iko kwenye kifurushi cha Premium kwenda juu. Muuzaji akikupa bei ya kifurushi cha chini, hujapewa bei ya unachotafuta.

Udhaifu wake uko kwenye mpangilio unaosema siku moja ya kazi ni saa ngapi. Mpangilio huo ni mmoja kwa mfumo mzima. Ukiweka saa 8, mtu akiandika makadirio ya siku 2, Jira inahifadhi saa 16 kwa kila mtu duniani. Sasa Ufaransa wiki ya kazi kisheria ni saa 35, yaani saa 7 kwa siku, kwa hiyo saa 16 kwa mfanyakazi wa huko ni siku 2 na saa 2 juu. Zidisha hizo kwa kazi 200 uone mpango wako wa robo mwaka unavyopinda. Dawa haina gharama: piga marufuku makadirio ya siku, watu waandike saa tu. Wiki ya kwanza watanung'unika.

Ya tatu: OpenProject

Kampuni yake iko Berlin, msimbo wake uko wazi kwa leseni huria ya GPL toleo la 3, na toleo la jumuiya ni bure ukilisimika kwenye seva yako. Kama mna data za watu wa Umoja wa Ulaya, au mteja ametaka kwa maandishi data isitoke kwenye nchi fulani, ipandishe hadi nafasi ya kwanza. GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data za watu, ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na adhabu yake inaweza kufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya dunia nzima ya kampuni, lipi ni kubwa zaidi. Kujua seva iko chumba gani kunaleta usingizi.

Siku za kazi, hata hivyo, zimewekwa kwa mfumo wote. Ukijaza sikukuu za Ujerumani, umewapumzisha na watu wa Brazili. Kwa kazi zenye utata unaweza kuzima hesabu ya siku za kazi, kazi moja moja, na tarehe ukaziweka kwa mkono. Ni kazi ya kuchosha. Pia kumbuka "bure" haimhesabu fundi atakayetunza seva na nakala za akiba.

Ya nne: Microsoft

Hapa kuna mtego. Project Online, programu yao ya miradi ya mtandaoni, tarehe yake ya kufungwa ni 30 Septemba 2026. Mshauri anayekushawishi uanze nayo leo anakuuzia nyumba iliyokwisha kuwekewa alama ya kubomolewa. Kinachopewa nafasi sasa ni Planner yenye vifurushi vya kulipia, na kama tayari mnalipia Microsoft 365 inafaa kuijaribu. Project ya kwenye kompyuta bado ina kalenda bora kuliko zote nilizotaja: ya mradi, ya mtu, hata ya kazi moja. Yule mfanyakazi wa Riyadh ingempa haki yake. Ila haijui saa za eneo.

Zilizobaki

Planview na Clarity, ambayo sasa ni ya Broadcom, ni mizigo mizito. Zina uwezo wa sarafu nyingi na kalenda za watu binafsi, na zinahitaji mtu wa kuzisimamia kila siku. Kama una miradi chini ya mia moja, achana nazo. Asana na monday.com zinapendeza macho na watu huzipenda haraka, lakini mambo ya miradi mingi kwa pamoja yako kwenye vifurushi vya juu. Soma jedwali la bei mpaka chini.

Kabla ya kulipa

Chukua kipindi cha majaribio, ingiza watu watatu: mmoja Auckland, mmoja Los Angeles, mmoja Riyadh. Wape kazi yenye tarehe ya mwisho ile ile ya Januari. Kati ya Auckland na Los Angeles mwezi huo kuna tofauti ya saa 21, kwa hiyo tazama programu inamwita nani mchelewaji, na kwa saa ya nani.

Kisha weka mkutano wa kila wiki unaovuka Machi 2026. Marekani inasogeza saa moja mbele kwa ajili ya majira ya joto tarehe 8, Ulaya tarehe 29. Kwa wiki tatu hizo New York na London zinatofautiana saa 4 badala ya 5. Niliwahi kuingia mkutano wa mapitio nikakuta watu wanaagana, kwa sababu programu ilihifadhi tofauti ya saa badala ya jina la mji. Nasi wa saa tatu asubuhi tuna mtego wetu wa ziada: andika "saa 3" kwenye maoni ya kazi, na mwenzako wa Oslo ataweka kengele ya saa tisa usiku.

Kwenye fedha, ingiza bajeti ya yeni, ambayo haina senti, na ya dinari ya Kuwait, yenye desimali tatu. Uliza kiwango cha kubadilisha kinachukuliwa siku gani. Kama hakuna jibu la kueleweka, tengeneza sehemu tatu zako: kiasi kwa sarafu ya mkataba, kiwango, na tarehe ya kiwango. Bila hiyo ya tatu, mradi wa zamani utaonekana umepata hasara kila sarafu ikitikisika.

La mwisho, toa data yote kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, na uifungue kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kijerumani. Huko koma ndiyo desimali na nukta hutenga maelfu, hivyo 1.250, yaani moja na robo, inaweza kusomwa elfu moja mia mbili na hamsini. Ikivurugika, mwombe muuzaji akuonyeshe njia nyingine ya kutoa data yako, na akuonyeshe kabla hujasaini.