Paris hadi Marseille kwa TGV: treni haina neno, kazi iko kwenye tiketi

Niliposema nataka kwenda kuiona Bahari ya Mediterania, dadangu anayekaa Saint-Denis, kaskazini kidogo tu ya Paris, alinicheka. "Umetoka Mombasa kuja kutazama maji?" Basi nilimburuta na yeye. Tulikwenda mwezi wa Oktoba, siku tatu, kwa TGV, treni ya kasi ya Ufaransa, kwenda na kurudi.

Naanza na pesa nilizozitupa, maana ndizo zilizonifundisha. Nikiwa bado nyumbani, viza ndiyo kwanza imetoka, nilinunua tiketi ya kwanza kwenye tovuti ya wakala mmoja ambaye sitamtaja. Bei ilikuwa ya chini mno. Juu paliandikwa "Paris – Marseille" kwa herufi kubwa, na jina la stesheni likawekwa chini kwa herufi ndogo kama zile za karatasi ya dawa: Marne-la-Vallée Chessy. Nikadhani ni mtaa wa Paris, kama mtu anavyosema Mombasa akimaanisha Kisauni. Nilipofika na kumwonyesha dadangu, akashika kiuno. "Huku si Paris. Huku ni kwa Disneyland!" Treni yenyewe ilikuwa ya alfajiri. Kutoka kwake tungelazimika kuamka saa tisa usiku na kuomba Mungu usafiri wa kutufikisha uwepo. Kumwandikia wakala, akajibu kwamba tiketi ile hairudishiwi pesa, na nilipoisoma risiti vizuri nikaona alikuwa amejikatia ada yake kando. Nikanyamaza. Haraka ilikuwa yangu pia.

Kwa hiyo jueni hivi. Shirika la reli la Ufaransa, SNCF, lina TGV za aina mbili kwenye njia hii, INOUI na Ouigo. Zote zinapita reli zile zile. Ouigo ndiyo ya bei nafuu: haina behewa la kununulia chakula, mizigo inahesabiwa, na sanduku kubwa unalilipia. Kwa kijana mwenye begi la mgongoni sioni kwa nini asiipande. Ila baadhi yake zinaondokea Gare de Lyon katikati ya mji na nyingine zinaondokea Marne-la-Vallée au uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle. Msome jina la stesheni kabla ya kusoma bei.

Mara ya pili nilinunua kwa programu ya SNCF Connect yenyewe, INOUI, euro 49 kwenda. Treni ya Ijumaa jioni wiki ile ile ilikuwa imepita 100. Bei hupanda kadiri viti vinavyoisha, na tiketi hufunguliwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo anayengoja "nitanunua nikifika" anajichoma mwenyewe. Jina liandike lilivyo kwenye pasipoti, kwa sababu tiketi ni ya mtu mmoja tu.

Na saa! Tiketi inatumia saa 24 za Kizungu. Yetu ilisema 14:38, nami nikamwambia dadangu saa nane na dakika 38, sawasawa kabisa. Yeye amekaa Ulaya miaka kumi na moja, akasikia "nane" akaweka kengele ya simu saa mbili asubuhi. Tulifika stesheni mapema mno, hadi treni inakuja tumeshiba usingizi wa benchi.

Kutoka Saint-Denis, RER D, treni ya mjini na vitongojini, inakwenda moja kwa moja hadi Gare de Lyon, huna haja ya kubadilisha. Stesheni hiyo ina mnara wa saa unaoonekana kwa mbali na kumbi zaidi ya moja, kwa hiyo angalia tiketi au ubao ujue wewe ni wa ukumbi upi. Namba ya jukwaa huonekana kama dakika 20 hivi kabla ya kuondoka, na hapo watu wote wanaondoka kwa mkupuo kama abiria wa feri ya Likoni mlango ukifunguliwa. Usibaki nyuma unanunua kahawa. Milango ya treni hufungwa dakika mbili kabla ya saa iliyoandikwa, na hakuna wa kukungoja.

Ndani sasa. Tulipata ghorofa ya juu, maana TGV nyingi za njia hii ni za ghorofa mbili. Ukiweza kuchagua, chagua juu, unaona mbali na watu hawapitipiti. Kiti kina soketi ya umeme na miguu inapata nafasi. Mwendo unafika kilomita 300 kwa saa na chai kwenye kikombe haimwagiki. Kuna behewa la kuuza vyakula, lakini unaruhusiwa kubeba vyako, nasi tulikuwa na mahamri ya dadangu na mbaazi ndani ya mkebe. Mzee wa kiti cha mbele aligeuka mara mbili kwa harufu. Mara ya tatu tukampa.

Ni kama kilomita 750, na tulitumia saa tatu na dakika 20 hivi. Madaraka Express, treni yetu ya Mombasa, inakwenda Nairobi, ambako hata kilomita 500 hazifiki, kwa saa tano au zaidi. Silinganishi kwa kudharau, naipenda ile yetu, na hapa hakuna tembo wa Tsavo dirishani. Mwanzo ni mashamba matupu, unaweza kulala. Amka mkikaribia Avignon, treni ivuke mto Rhône, rangi ya mawe ibadilike na miti ipungue urefu. Bahari usiitegemee dirishani: treni inaingia handaki refu, karibu kilomita nane, na ukitoka uko mjini.

Bahati nzuri stesheni ya Saint-Charles iko ndani ya mji wenyewe, si kama yetu ya Miritini ambapo ukishuka safari ndiyo inaanza. Toka nje usimame juu ya ngazi. Ni ngazi 104, na kutoka hapo unaliona kanisa la Notre-Dame de la Garde juu ya kilima na sanamu yake iliyopakwa dhahabu. Piga picha, kisha rudi ndani na masanduku yako ushuke kwa metro. Sisi tulijifanya mashujaa tukashuka kwa miguu, gurudumu la sanduku likabaki ngazi ya sitini na kitu. Metro namba 1 inakufikisha Vieux-Port, bandari ya zamani, kwa vituo viwili tu. Asubuhi wavuvi wanauza samaki pale pale ukingoni, na kuna kivuko kidogo cha kuvusha watu upande wa pili. Nilikipanda kwa ajili ya Likoni tu.

Lakini kilichonifurahisha kuliko bahari ni soko la Noailles. Marseille ina Wangazija, watu wa Komoro, wengi sana, na lugha yao na yetu ni ndugu. Nilikuwa namwambia dadangu "muhogo huu mzuri" mama mmoja akageuka, macho yamemtoka. Tukazungumza, yeye Kingazija, mimi Kiswahili, nusu tunaelewana, nusu tunacheka. Nilipomlipa akasema "marahaba". Nikaona haya, nikamwambia samahani mama, shikamoo, nimesahau kukuamkia. Kumbe kwao marahaba ni asante.

Treni naipa nyota tano. Upangaji wangu mwenyewe naupa mbili. Kwenda au kurudi, kumbuka kila mzigo lazima uwe na kikaratasi cha jina. Tulikuwa na viwili tu, kimoja cha kila sanduku, kwa hiyo dadangu alichana risiti ya hoteli, akaandika jina langu kamili, akaufungia mfuko wa muhogo.