Moodle, Google Classroom, Canvas au Blackboard: chuo cha kati kinunue mfumo upi wa kufundishia mtandaoni?

Bodi ya zabuni ya chuo ikikaa kujadili mfumo wa kusimamia masomo mtandaoni, swali la kwanza huwa bei ya leseni, na hapo ndipo hesabu inapoanza kwenda kombo. Leseni ya programu huria, yaani ile ambayo yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuibadilisha, kama Moodle, hailipiwi hata senti, lakini seva, umeme, nakala rudufu na mshahara wa fundi vinalipiwa. Mfumo wa kampuni hutozwa ada kila mwaka, kwa kawaida kulingana na idadi ya wanafunzi, na ndani ya ada hiyo yumo pia mtu wa kuamka usiku wa manane mfumo unapogoma. Kwa sababu hiyo nimeipanga mifumo hii kwa kuuliza mambo mawili: nani ataitunza siku ya mtihani, na chuo kikitaka kuhama kitaondoka na nini mkononi. Ninachokifikiria hapa ni chuo cha ualimu au cha afya chenye wanafunzi kati ya 500 na 2,000, wengi wao wakisomea kwenye simu na kununua bando la siku.

Nafasi ya kwanza naipa Moodle iliyowekwa kwa mtoa huduma anayelipwa kuitunza. Mfumo huu ulianzishwa na Martin Dougiamas huko Perth, Australia, na toleo lake la 1.0 lilitoka Agosti 2002 kwa leseni ya GPL, ambayo humruhusu yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuuhamisha bila kuomba ruhusa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania wanautumia, kwa hiyo si vigumu kumpata mkufunzi au fundi ambaye tayari mkono wake umeuzoea. Programu yake ya simu humwezesha mwanafunzi kupakua somo akiwa kwenye mtandao wa chuo, kisha akalisoma nyumbani bila bando, na kwa wanafunzi wetu jambo hilo lina uzito kuliko mapambo yote yanayoonyeshwa na wauzaji. Kozi nzima, pamoja na maswali yake, huingia katika faili moja, na mtoa huduma akizembea unalichukua na kwenda kwa mwingine. Vyuo vya Kenya vianze kwa kuuliza KENET, na vya Uganda RENU, kwa kuwa mitandao hiyo ya taasisi za elimu inawahudumia wanachama wake kwa seva pia. Uliza vilevile ni toleo gani utakalowekewa: 4.5 ni la muda mrefu, na litaendelea kupata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2027.

Moodle hiyohiyo ikiwekwa kwenye seva ya chuo chenyewe, naishusha hadi nafasi ya tatu, na nasema hivyo kwa sababu yamenikuta. Katika chuo kimoja nilikokuwa nikitunza seva, Jumatatu saa mbili asubuhi wanafunzi karibu 300 walifungua mtihani, na kila skrini ikaleta ujumbe kwamba hifadhidata haipatikani. Diski ilikuwa imejaa pomoni. Nakala rudufu za kila usiku zilikuwa zikirundikana kwenye diski ileile ya mfumo, na hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kuzitazama. Nilifuta za miezi miwili, hifadhidata ikarudi, mtihani ukaanza saa nne kasorobo huku wasimamizi wakiwatuliza watoto wa watu waliokuwa wamekesha wakijiandaa. Programu haikuwa na hatia yoyote. Chuo kilikuwa hakijaajiri mtu wa kuitunza kwa muda wote wa kazi, na kama chako nacho hakina, usiiweke kwenye seva yako.

Kati ya hizo mbili, nafasi ya pili, ni Google Classroom. Ilianza mwaka 2014, si programu huria, lakini taasisi ya elimu inayokubaliwa kusajiliwa huitumia bila malipo, na mwalimu huielewa kwa asubuhi moja. Inaifaa sekondari au chuo kidogo kisicho na fundi. Udhaifu wake ni kwamba hakuna faili la kozi nzima unaloweza kulipeleka kwenye mfumo mwingine, na benki yake ya maswali, yaani hazina ya kutungia mitihani, haifikii ile ya Moodle.

Canvas, ya nne, ni nzuri kuitumia, na msimbo wake umewekwa wazi, ingawa kuiendesha mwenyewe ni kazi nzito na vyuo vingi huishia kulipia huduma ya kampuni ya Instructure.

Blackboard naiweka mwisho, si kwa ubaya wa zana zake, bali kwa historia ya umiliki wake. Mwaka 2006 kampuni ya Blackboard ilimeza mfumo wa WebCT, mwaka 2009 ikaununua na ule wa ANGEL, na mifumo yote miwili ikaja kuzimwa, wateja wakalazimika kuhama. Mwaka 2021 iliunganishwa na kampuni ya Anthology, na Septemba 2025 Anthology ikaomba kinga ya kufilisika mahakamani nchini Marekani. Chuo kinachofungwa na mkataba wa miaka mitano lazima kilipime hilo.

Kwa shule isiyofikiwa na intaneti kabisa, acha orodha hii na uchukue Kolibri, programu huria inayoendeshwa hata na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi.

Mfumo wowote utakaouchagua, uliza taarifa za wanafunzi zitahifadhiwa nchi gani, kwa kuwa Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019 na ya Tanzania ilianza kutumika Mei 2023. Kisha, kabla ya kusaini, mpe muuzaji kozi moja yenye maswali 40 na picha zake, aitoe kwenye mfumo wake na kuipandisha kwenye mfumo mwingine mbele yenu, na malipo ya awali yasubiri hadi maswali yote 40 yaonekane upande wa pili.